Mashamba ya Kale Yafunguliwe Majira ya Kuchipua

Anayerithi shamba la kale, iwe ni serikali ya mji au chama cha wahifadhi, hurithi pamoja na nyumba na miti ya waliotangulia deni la kuwafundisha watu wanaoishi kando ya ua wake, na akiitunza nyumba akalisahau deni, amana imetunzwa nusu. Wakati ufaao zaidi wa kulilipa, kwa nchi za kaskazini, ni majira ya kuchipua, yaani miezi ya Machi hadi Mei, baridi inapolegea, utomvu ukapanda mitini, na matawi yaliyodhaniwa kuwa makavu yakatoa macho.

Mfano unaostahili kutazamwa ni Bustani ya Bartram, iliyoko ukingoni mwa Mto Schuylkill, kusini-magharibi mwa mji wa Philadelphia, Marekani. John Bartram alikuwa mkulima wa madhehebu ya Marafiki (Quaker), yale yale yenye waumini wengi Kenya ya magharibi, na elimu ya mimea alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1728 alinunua shamba hilo katika nchi iliyokuwa ya watu wa Lenape, na kutoka hapo akawa akipeleka London masanduku ya mbegu za Marekani. Mwaka 1765 yeye na mwanawe William waliukuta kando ya Mto Altamaha, Georgia, mti mdogo wasioujua. Baadaye William alirudi akachukua mbegu, na mti uliooteshwa nyumbani ukaitwa Franklinia kwa heshima ya Benjamin Franklin. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hakuna aliyeuona tena porini, na Franklinia zinazopandwa leo popote duniani ni uzao wa miti ya bustani ile.

Mtoto anayesimama chini ya mti huo mwezi wa Aprili haoni ua, kwa maana Franklinia huchanua kiangazi kikielekea mwisho. Anachoona ni tawi la kijivu lenye macho madogo yanayoanza kufunguka. Mwalimu mwenye busara humwekea kiganjani tunda la zamani la mti huo, gumu na la mviringo kama kokwa, lililokwisha kupasuka na kumwaga mbegu, akamweleza maana ya kutoweka porini, yaani kiumbe kukosa makao yake ya asili na kubaki hai kwa sababu tu yuko mtu anayekiotesha. Somo hilo bango la chuma lililochomekwa kando ya njia haliwezi kulifundisha, hata likiandikwa kwa ufasaha gani.

Mto nao ni darasa. Katika sehemu hiyo Schuylkill hujaa na kupwa, kwa kuwa humwaga maji yake katika Mto Delaware unaoshuka hadi baharini, na kila majira ya kuchipua samaki waitwao shadi, walio wa jamii moja kubwa na dagaa wa Ziwa Tanganyika, hupanda kutoka baharini kuja kutaga. Kwa miaka mingi kingo zake zilishikwa na viwanda na matangi ya mafuta, hata majirani wakakosa sababu ya kuyakaribia maji. Sasa bustani hutoa mashua bila malipo siku za Jumamosi katika miezi isiyo ya baridi, na mtoto aliyeshika kasia kwa mikono yake, akaona tope linavyofunuka maji yakipwa, hachelewi kuuliza ni nani aliyeuchafua mto huu na ni nani anayepaswa kuusafisha. Swali hilo lina thamani kuliko orodha ndefu ya majina ya ndege. Ndani ya bustani hiyo hiyo limo shamba la Sankofa, ambalo jina lake ni neno la Waakan wa Ghana lenye maana ya kurudi kukichukua kilichoachwa nyuma. Vijana wa sekondari hulima humo mazao yenye asili ya Afrika, bamia ikiwa mojawapo, katika mtaa ambao wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi na wahamiaji kutoka Afrika Magharibi.

Wako walezi wa mashamba ya kale wanaoogopa kwamba miguu mingi itakanyaga maua. Hofu hiyo ina dawa nyepesi, nayo ni vikundi vidogo na njia zilizowekewa mipaka; lango lililofungwa halina dawa, kwa sababu mtu hatetei mti asioujua siku shoka linapoujia.

Hata Tanzania, wenye dhamana ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, yawapasa kulipima jambo hili la kufungua lango kwa kipimo cha masika yao wenyewe. Ua dogo la zambarau la milima hiyo, lililopelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, likapewa jina la Saintpaulia kutokana na jina lake, leo huuzwa katika vyungu vya madirishani kote Ulaya. Mtoto wa Muheza, wilaya iliyo na Amani, na apelekwe alione likiwa limeshika jiwe lenye unyevu, kivulini, mahali lilipozaliwa.