Anayesomwa Hapo Ni Wewe
Ndugu, unaniambia karata ni akili, eti wewe unamsoma mtu usoni: macho yakihangaika, hana kitu. Haya, simama kwenye pata potea pale steji. Karata tatu tu. Anayeshinda mbele yako ni mwenzao. Anayekunong'oneza kwamba karata ya ushindi imekunjwa kona, mwenzao pia. Wewe unakodolea mikono ya mchezeshaji. Wao wanaangalia mkono wako ukielekea mfukoni. Anayesomwa hapo ni wewe!

Na pesa zenyewe ni za mama watoto, anunue omena Dunga akauze Kibuye. Ukamwambia umeibiwa kwenye matatu. Jumatano amekuja kwa maombi, anataka tukemee roho ya wizi. Nimkemee nani?