Bata Mzinga Mwekundu Aliwe Ili Asipotee

Nilipowaambia wenzangu bwenini kwamba ndege aliye karibu kupotea huokolewa kwa kuliwa, walinicheka sana. Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nijitetee.

Ndege ninayemtaja ni bata mzinga wa Marekani aitwaye Bourbon Red, ambaye jina lake latokana na wilaya ya Bourbon katika jimbo la Kentucky. Manyoya yake ni mekundu ya kukolea, lakini mabawa na mkia ni meupe. Chama cha wafugaji, American Poultry Association, kilimtambua mwaka 1909, na kwa miaka mingi alifugwa mashambani kwa nyama. Kisha akaja bata mzinga mweupe mwenye kifua kipana. Huyu hukua upesi, na akinyonyolewa ngozi yake haibaki na madoa meusi. Tangu miaka ya 1960 wafanya biashara walimshika yeye, wakawaacha wengine. Mwaka 1997 walipohesabiwa bata mzinga wa aina zote za zamani katika Marekani, wale wa kuzalisha hawakufika 1,500.

Je, walipungua kwa kuliwa mno? Sivyo, walipungua kwa sababu watu waliacha kuwala. Hakuna mfugaji awezaye kulisha milele ndege asiyenunuliwa. Watu walipoanza tena kuwataka mezani, wafugaji walipata sababu ya kuangua vifaranga, na kufika mwaka 2006 hesabu ilipita 8,000.

Wako watakaosema kwamba mweupe hutoa nyama nyingi kwa chakula kidogo, na mtu maskini ataka nyama rahisi. Neno hili ni kweli, wala silikatai. Mweupe huwa tayari kabla ya majuma 20, bali Bourbon Red ahitaji majuma kama 28. Asiye na uwanja wa majani, anunuaye kila punje, na amfuge mweupe. Lakini mwenye uwanja atazame mbele. Mweupe ana kifua kizito hata hawezi kumpanda jike; mbegu ya dume hutiwa kwa mkono wa mtu. Basi mwenye nyumba hana budi kununua vifaranga kila mwaka, na siku muuzaji akifunga duka, ufugaji nao umekwisha. Bourbon Red hupandana wenyewe, jike hutamia siku 28 na kulea watoto wake, na wote hujitafutia wadudu na majani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hatari iko mahali pengine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Sikukuu ikifika, mkono huenda kwa dume mkubwa kuliko wote. Akichinjwa huyo, wanaobaki kuzalisha ni wadogo na dhaifu, na mwaka hata mwaka kundi hupungua uzito, ingawa rangi nyekundu ingalipo. Hapo mtu amehifadhi manyoya tu, si bata wa nyama. Kwa hiyo mfugaji apime ndege wake wafikapo majuma 28: dume kijana yafaa awe na ratili 23, na jike 14. Walio wazito, wenye afya na miguu iliyonyoka, wawekwe kuwa wa mbegu. Waliobaki waliwe kwa furaha. Tena abadilishane madume na mfugaji mwingine, damu isije ikawa moja.

Kwetu hatuna Bourbon Red, ila kuku tunao, na kosa ni lile lile. Turudipo nyumbani likizo, jogoo mkubwa wa boma huchinjwa kwa ajili yetu. Ni upendo wa wazazi, nasi twala kwa shukrani. Lakini safari hii nitamwomba mama anichinjie yule wa pili kwa ukubwa.