Duka la Santuri: Tusilaumu Wageni Tu

Katika vitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari, matanga na majina ya ukoo. Ni vizuri. Lakini leo tunataka kusema juu ya kitu ambacho wengi hawakihesabu katika mila: duka la santuri. Na tutasema wazi, maana siye wenye masomo ndio wa kwanza kukosa.

Tuko na mzee mmoja katika komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Alinunua santuri zake za kwanza kwa mshahara wa kwanza, mbele ya kuoa. Mama alipofika nyumbani alikuta viti viwili na masanduku matano ya muziki. Nyuma mzee akafungua duka la chumba kimoja. Humo anasimamisha santuri wima kama vitabu, maana zikilala moja juu ya ingine zinapinda. Anazificha jua, anazipangusa kwa kitambaa laini. Mtu anaingia hajui jina la wimbo, anapiga mluzi kidogo. Mzee anafumba macho, kisha mkono unaenda palepale. Sasa mwenye nyumba anataka chumba chake apangishe watu wa telefone. Watoto wa mzee nao wanauliza: « Baba, hii mizigo yote tutaipeleka wapi? »

Wako wanaotuambia: « Mwalimu, unajisumbua bure. Muziki yote iko mu telefone. » Tunawajibu: haiko yote. Na hata ile iliyo mule, mara mingi ni mtoto asiye na baba wala mama. Katikati ya santuri kuna karatasi ya duara. Juu yake unasoma jina la wimbo, mtunzi, orkestre, kampuni na namba. Kwenye fulashi ya sokoni unasoma paka « Pisti 3 ». Tuliwauliza wanafunzi wetu wa mwaka wa sita nani alitunga wimbo fulani wa zamani. Wakataja kijana aliyeurudia juzi. Si kosa lao. Nani aliwaonyesha ile karatasi?

Wengine wanasema: « Santuri ni kitu ya bazungu, haiko mila. » Hapo ndipo tunakasirika. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kwa Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi gitare lake huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mashine ilikuwa ya mzungu, kweli. Lakini vidole vilikuwa vya nani? Na nyimbo alizoimba kwa Kiswahili cha Katanga, zilikuwa za nani? Vilevile « Marie-Louise » ya Wendo ilitoka mwaka 1948 katika kampuni Ngoma, iliyoanzishwa na Wagiriki huko Léopoldville. Tuseme basi Wendo ni wa Wagiriki? Redio ilipitisha wimbo hewani. Duka liliuacha nyumbani kwa watu, na baba akaweza kumsikilizisha mtoto wake. Kama kupokezana namna hiyo si mila, basi mila ni nini?

Leo rekodi za Hugh Tracey zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Wenzetu wanazitunza, tunawashukuru. Lakini ni haya kwetu kwamba mtu wa Likasi anapotaka kuchunguza muziki wa shikulu yake, anaelekezwa ng'ambo ya mipaka.

Tuje sasa kwenye kosa letu. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tulicheza, tulitoa hotuba, tulivaa nguo nzuri. Kesho yake ni wangapi kati yetu walienda kununua hata santuri moja? Siye ndio tunaoazima bila kurudisha. Zamani tulimpelekea mzee kaseti tupu, leo tunampelekea fulashi: « Papa, uniwekee tu kidogo. » Ile kidogo haijalipwa mpaka leo. Mtatuambia mshahara wa mwalimu unajulikana. Ndiyo, tunaujua, tunauishi. Lakini Jumamosi chupa mbili za bia hazitushindi.

Siku moja mgeni kutoka Ulaya alikuja kwa mzee. Alichagua siku mbili, akauliza bei, akalipa, akaondoka na makartoni mawili. Jioni kwenye baa tukapiga kelele: « Bazungu banatwibia muziki yetu! » Hapana, ndugu. Yule alilipa. Siye tuliozoea kuchukua bure, tutamwita yeye mwizi kwa mdomo gani? Na mzee je? Ana dawa za kununua, ana wajukuu wa kusomesha. Hatuna haki ya kumkataza kuuza kama siye wenyewe hatununui.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunaomba mambo matatu tu. La kwanza: mbele santuri hazijauzwa, ziandikwe zote, jina, mtunzi, orkestre, namba. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na wanafunzi, na siye walimu tuko na wanafunzi. La pili: mzee akikubali, sauti zinakiliwe, na alipwe kwa kazi hiyo. La tatu: kila mwanachama anunue santuri moja kwa mwaka, hata kama hana mashine ya kuisikilizia. Ataisikiliza kwa jirani.

Siye tumekwisha kuanza. Jumamosi tatu tumeenda na wanafunzi. Daftari mbili zimejaa, ukuta wa pili haujaguswa bado. Mzee amekaa kwenye kiti chake anasahihisha: « Hapana, mwanangu, gitare hilo si la yule, andika vizuri. » Hayo anayoyasahihisha hayako kwenye karatasi yoyote. Yako kichwani mwake, na yeye ni mtu wa miaka mingi. Anayetaka kutusaidia asingoje matanga ndipo atoe hotuba. Aje Jumamosi, na kalamu yake.