Barabara ya Wachina na Mchanga wa Ikutha

Tangu lami ifike Ikutha, Wachina hawakauki midomoni mwa watu. Barabara itokayo Kibwezi, ikavuka mto Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui, ilijengwa na kampuni ya Kichina. Reli mpya ipitayo Kibwezi, iliyofunguliwa Mei 31, 2017, nayo ni kazi ya Wachina. Basi hotelini na sokoni lisemwalo zaidi ni moja: Wachina hufanya kazi kwa utaratibu na kutii wakubwa, na laiti nasi tungekuwa hivyo, Ukambani kungekuwa mbali leo.

Sipingi kwamba utaratibu ni jambo jema. Ninalolipinga ni kudhani kwamba Uchina ina mwalimu mmoja tu. Inao wawili walio wakuu katika jambo hili la kazi na maisha, na wafuasi wao wamebishana kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ikutha si ngeni kwa mafundisho ya mbali. Miaka ya 1890 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga kituo chao hapo. Mgeni akija na neno, ni ada njema kumsikiliza mpaka mwisho kabla ya kuchukua au kuacha.

Mwalimu wa kwanza ni Confucius. Alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo katika dola ndogo ya Lu, ambayo leo imo katika jimbo la Shandong. Zama zake zilikuwa za vita na fujo, naye akaona dawa ya fujo ni kila mtu kulijua jina lake na wajibu uliomo ndani ya jina hilo. Anayeitwa baba na atende ya baba. Anayeitwa mtawala na atende ya mtawala. Utu, kwa Confucius, hufunzwa kwa mazoezi ya kila siku: namna ya kuamkia, ya kuzika, ya kumheshimu mzee, ya kutimiza ahadi. Mafundisho hayo yaliota mizizi hata mitihani ya kuingia utumishi wa serikali ikatungwa juu yake kwa karne nyingi, mpaka ilipofutwa mwaka 1905. Sisi tusemao kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tungekaa naye barazani pasipo mkalimani.

Mwalimu wa pili ni Lao Tzu, ambaye wataalamu hawakubaliani hata kama aliishi kweli. Kitabu kilichopewa jina lake ni kidogo, sura 81 tu, nacho chazungumzia Tao, yaani Njia. Kwa watu wa Njia, dunia ina mwendo wake, na mwenye hekima hufanya kazi pasipo kuushindania mwendo huo. Wachina huita jambo hilo wu wei. Msomaji asidhani kwamba huo ni uvivu, la hasha! Mfano wao mkubwa ni maji: laini kuliko vyote, hukaa mahali pa chini pasipotakiwa na mtu, na hata hivyo hulitoboa jiwe. Nasi twasema kwamba maji hufuata mkondo.

Yuko pia Zhuangzi, mtu wa Njia aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo. Katika kitabu chake kuna kisa cha mzee aliyekuwa akiteremka kisimani na mtungi kumwagilia bustani yake. Mwanafunzi wa Confucius akapita, akamhurumia, akamweleza juu ya mtambo wa mti uwezao kuvuta maji ya kumwagilia vitalu mia kwa siku. Mzee akakataa. Aliujua mtambo huo, lakini aliuogopea moyo wa mtu autumiaye, usije nao ukawa mtambo.

Mama wa Ikutha afukuaye mchanga wa mto Tiva wakati wa kiangazi, akateka maji kwa kata, hatamsifu mzee huyo. Angeupokea mtambo kwa mikono miwili, na mimi ningemsaidia kuusimika. Lakini swali la mzee halifutiki. Chombo kinachotufanyia kazi hutufanya nini sisi wenyewe? Nitarudi kwenye swali hilo, maana siku hizi chombo chenyewe ni lori.

Kwanza tutazame historia yetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwachukua kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba wa Machakos ili kupunguza mifugo na kuokoa ardhi. Maelfu ya watu waliandamana kwa miguu hadi Nairobi, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu. Wakoloni waliamini utaratibu, lakini mtawala wao hakuwa mtawala kwa maana ya Confucius, kwa kuwa hakuwa na wajibu wowote kwa mtawaliwa. Amri isiyo na wajibu ni fimbo tu.

Sasa tazama lililodumu. Katika nchi hiyo hiyo, iliyogawanywa mwaka 1992 ili kupata Makueni, wakulima walikuza matuta yaitwayo fanya juu, jina la Kiswahili ambalo hata wataalamu wa nchi za mbali hulitumia. Mkulima huchimba mfereji, akatupa udongo upande wa juu. Mvua inyeshapo, udongo unaoteremka hukwama kwenye tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha lenyewe. Mtu huanza, mvua humaliza. Lao Tzu angetabasamu. Lakini ni nani aliyechimba? Mara nyingi ni mwethya, kundi la majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, ambamo jina la asiyefika hujulikana na wote. Hapo ni Confucius angetabasamu, ingawa ingembidi ajifunze kitu, maana mafundisho ya wafuasi wake yalimweka mke chini ya mume, na mwethya nyingi zasimama juu ya mabega ya akina mama.

Kadhalika mabwawa ya mchanga. Shirika la SASOL, lililoanzishwa Kitui mwaka 1990, limejenga mamia yake pamoja na wananchi. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa kati ya chembe zake, jua lisiyafikie. Mto haushindwi, hupewa mahali pa kupumzikia. Uchina kwenyewe iko kazi ya jinsi hiyo: Dujiangyan, katika jimbo la Sichuan, ambako tangu karne ya tatu kabla ya Kristo mto Min hugawanywa kwa ajili ya mashamba pasipo kuzibwa, nayo ingali inatumika.

Na hapa ndipo lori linapoingia. Mchanga huo huo unaotunza maji ndio unaotakiwa kwa nyumba za mijini. Lori hushuka mtoni usiku, vijana hupakia kwa sepetu, na asubuhi visima vya mchangani vimeteremka. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ilifanya vyema. Walakini sheria hailali mtoni. Tena yule apakiaye mara nyingi ni baba anayetafuta karo. Anatenda ya baba, kama Confucius alivyotaka, na papo hapo anamnyang'anya mwanawe maji ya kunywa.

Nionavyo mimi, hatuwezi kumwachia mwalimu mmoja shauri hili. Tukimfuata Lao Tzu peke yake, tukasema watawala wasiingilie, mwenye lori ataingilia. Tukimfuata Confucius peke yake, tutatoa amri juu ya amri mpaka watu wachoke, kama mwaka 1938. Kwa mto, tuwe watu wa Njia: tusichukue kupita kile mafuriko yarudishacho. Kwa watu, tuwe watu wa wajibu: mwethya iliyojenga ukuta ndiyo ipewe madaraka ya kuulinda mchanga wake, kuamua kama utauzwa, wapi na kiasi gani, na fedha zikipatikana karo ya watoto itangulie. Hapo baba hatalazimika kuchagua kati ya ada ya shule na mtungi.

Wachina wametuachia lami, nasi tunawashukuru. Lakini lami hiyo hubeba maembe na mbuzi kwenda sokoni, na hubeba mchanga vilevile. Ipi kati ya mizigo hiyo iongezeke si juu ya Mchina kutuamulia.