Kukodi Mashua Wakati wa Likizo

Wanafunzi wenzangu, nasikia Chama cha Historia chataka kukodi mashua ya tanga huko Lamu katika likizo ijayo, ili wanachama wakayaone magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda. Shauri hilo ni jema, nami nimekwisha kutoa mchango wangu. Lakini katika mkutano niliwasikia watu wakibishana juu ya bei tu, na chakula, na nani atachukua ngoma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya maji.

Mwaka jana ami yangu alitukodia mashua kwenda huko huko. Tulikuwa watu tisa pamoja na Bibi. Nahodha, mtu mzima asiyesema sana, alituambia kabla hatujapanda kwamba njia ya kuingia Takwa ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, nao hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Tulipofika, saa nne, akasema, "Saa saba tuwe chomboni." Ami akaitikia.

Magofu yenyewe yapendeza mno. Mji ule ulikaliwa tangu karne ya 15 hata karne ya 17, na msikiti wake wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya kibla. Mimi sijaona mwingine wa namna hiyo. Lakini saa saba ilipofika, pilau haijaiva (sisi na pilau!). Nahodha akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili. Ami akamjibu, "Fedha nimelipa ya siku nzima, Nahodha. Ngoja." Yule mzee akanyamaza. Tulipopanda ilikuwa saa tisa, na chombo hakikufika mbali, kikakwama matopeni.

Tulikaa pale hata saa mbili za usiku, maji yalipopanda tena. Mbu walitula. Hayo si kitu. Bibi ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya jioni ilikuwa imebaki nyumbani Lamu. Tulipofika gatini hakuweza kusimama. Mabaharia wawili walimbeba. Alipata nafuu, alhamdulillahi, lakini Ami tangu siku ile hapendi habari hiyo itajwe.

Wengine watasema kosa ni la nahodha, kwa nini hakukaza? Labda alikosa kidogo. Lakini aliyelipa alikuwa amekwisha kumwonyesha nani bwana. Mimi naona mwenye kukodi amenunua nafasi ya kukaa na kazi ya mabaharia. Saa ya kung'oa nanga haimo katika bei. Hata majahazi makubwa ya Arabuni na Bara Hindi yalingoja pepo, yakija na kaskazi na kurudi na kusi, wala hapakuwa na tajiri aliyeweza kuyaharakisha kwa fedha zake.

Basi naomba Chama kimwulize kwanza nahodha ni siku zipi maji hujaa asubuhi, ndipo katibu aandike tarehe. Mwalimu atakayetuongoza atuambie sote, mbele ya nahodha, kwamba juu ya saa na idadi ya watu neno la nahodha ndilo la mwisho. Na boya la kuvaa liwe moja kwa kila mtu, si kwa wasiojua kuogelea tu. Pilau tuipike Lamu, twende nayo katika sufuria.