Panga halina namba, bunduki inayo

Mkulima wa Kanazi anaponunua panga gulioni, hakuna anayemuuliza atalifanyia nini. Ikitokea panga hilo likamjeruhi mtu katika ugomvi wa mpaka wa kibanja, anayepelekwa mahakamani ni yule aliyelishika, na mhunzi aliyelifua analala usingizi wake. Buhaya imefua chuma kwa karne nyingi, na haki hiyo inaeleweka bila kuhitaji wakili.

Watengenezaji wa bunduki wa Marekani wanaitumia hoja hiyohiyo. Mwaka 2005 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha wasidaiwe fidia pale mtu mwingine anapozitumia kwa uhalifu. Mwenye kiwanda cha matairi au cha pombe hana kinga pana kama hiyo.

Hoja ya panga, hata hivyo, ina walakini. Mhunzi anawauzia watu asiowajua, na panga halina namba. Bunduki hutoka kiwandani ikiwa na namba yake, hupitia kwa wakala mwenye leseni, na polisi wakiikamata huweza kuifuatilia namba hiyo hadi duka ilikouzwa. Kiwanda kikiambiwa mara kwa mara kwamba silaha za wakala fulani zinaishia mikononi mwa majambazi, na bado kikaendelea kumpelekea mzigo, hakiwezi tena kujilinganisha na mhunzi. Ndivyo Mexico ilivyodai ilipofungua kesi mjini Boston mwaka 2021 dhidi ya Smith & Wesson na wenzake. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi wenye viwanda. Majaji wote 9 walikubaliana kuwa maelezo ya Mexico hayakutosha kuonyesha kwamba viwanda viliwasaidia wauzaji wahalifu.

Waliofanikiwa walipitia mlango mwingine. Familia 9 za waliouawa katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 zilidai kwamba matangazo ya Remington ya bunduki ya mtindo wa kijeshi yalivunja sheria ya biashara ya jimbo la Connecticut. Februari 2022 zilikubaliana kulipwa dola milioni 73, na waliotoa fedha ni kampuni za bima. Jambo hilo lina uzito kwa mwenye kupiga hesabu. Kampuni ya bima iliyolipa mara moja hupandisha ada, hukagua, na huuliza maswali ambayo mwenye kiwanda hakupenda kuulizwa.

Je, mfanyabiashara wa Kagera anapata nini katika haya? Tangu vita vya Rwanda vya 1994, amelipa gharama ya bunduki ambayo hakuinunua. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Mchuuzi aliyetoka Kanazi na fedha za kununulia maharage alisubiri msafara, na kila saa ya kusubiri ilikuwa hasara isiyoandikwa popote. Wengine waliacha kabisa kusafiri na fedha taslimu, na soko likabaki kwa wachache wenye mtaji wa kuvumilia.

Kumshitaki aliyetengeneza silaha hizo ni ndoto. Bunduki za aina ya AK zimetengenezwa katika nchi nyingi, zikauzwa kwa serikali, zikapita kwenye majeshi na waasi kabla ya kufika porini. Kiwanda kilichoiuza miaka 30 kabla hakikujua. Lakini mtu wa mwisho aliyeimiliki kihalali mara nyingi alijua, au alipaswa kujua, kwamba imetoweka. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoisaini, inataka silaha ziwekwe alama zinapotengenezwa na zinapoingizwa nchini. Alama hiyo isiishie kumsaidia polisi tu. Imsaidie na aliyeporwa kumpata wa kumdai.

Hapa nyumbani wa kudaiwa yupo karibu zaidi ya kiwanda. Ni kampuni ya ulinzi inayompa kijana gobole la mapipa mawili baada ya mafunzo ya juma moja, au mwenye leseni anayeficha bastola chini ya godoro. Mwajiri anaweza kudaiwa kwa kosa alilofanya mlinzi wake akiwa kazini; tatizo ni kwamba kampuni nyingi ndogo hazina mali ya kukamatwa hata mdai akishinda.

Dawa yake ni bima. Sheria inamlazimisha mwenye bodaboda kuwa na bima ya mtu wa tatu kabla hajaingia barabarani. Mwenye bunduki naye aonyeshe bima ya namna hiyo kila anapohuisha kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bima hiyo imlipe anayeumizwa hata kama silaha iliibwa kwa uzembe wa mwenyewe. Aliye na sanduku la chuma lililofungwa atozwe kidogo. Asiye nalo atozwe mpaka alinunue.

Mkulima mwenye bunduki ya kufukuzia nguruwe pori na ngedere atalalamika kwamba ni mzigo mwingine, na hakosei. Lakini mzigo huo upo tayari, na mpaka sasa umebebwa na muuza maharage.