Samaki Mdogo Si Samaki Rahisi

Wasee, huu uongo wa "anza na kasamaki kadogo, ni rahisi" uishe leo.

Chukua gobi wa pango, wale wa jenasi ya Trimma. Ni sentimita mbili tatu hivi. Kwao ni mapangoni na chini ya matumbawe, na baadhi yao huelea mgongo chini, tumbo likitazama dari. Dari ndiyo sakafu yao.

Sasa wewe unamweka wapi? Kwa tangi la taa kali, hakuna mwamba, na majirani wenye mdomo wa kummeza mzima. Unamrushia chakula kikubwa kuliko kichwa chake, unarekodi video, halafu unauliza mbona anajificha. Si umemnyima kwao!

Najua mtajibu: "Gobi wadogo hawaishi sana, hasara iko wapi?" Sawa. Eviota sigillata, gobi mwingine mdogo wa matumbawe, haishi zaidi ya siku 59. Fanya hesabu basi: ukimtesa wiki mbili, umekula karibu robo ya maisha yake yote.

Unamtaka kweli? Panga mwamba wenye mapango. Ngoja wiki kadhaa mpaka amonia na naitraiti zisome sufuri. Weka kifuniko. Mpe chakula kidogo kidogo, kama artemia waliototolewa juzi, mara kadhaa kwa siku. Usimchanganye na wakubwa.

Subira hiyo huna? Basi tafuta kontenti ingine. Samaki si pambo la video yako.